Umeme Ukirudi, Rezo Inaondoka: Barua ya Wazi kwa Wenye Kusimamia Mawimbi

Kwenu mnaosimamia masafa ya redio nchini, kwenu mnaokagua bidhaa zinazoingia kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na kwenu wakubwa wa jimbo la Haut-Katanga,

Nawasalimu kutoka Kampemba, Lubumbashi. Mimi ni fundi wa antena. Kwa miaka kumi na minne nimepanda mapaa ya mji huu, kuanzia komini ya Kenya hadi Ruashi, kuanzia nyumba za Golf hadi madepo ya njia ya Kasumbalesa, nikifunga vile visahani vyeupe vinavyopeleka intaneti kutoka jengo hadi jengo. Ninawaandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tunachoitana nacho juu ya bati na ndicho mteja anachonigombeza nacho. Barua za Kifaransa zenye mihuri mmepokea nyingi.

Ombi langu ni moja, na nalitanguliza msije mkachoka njiani: leteni kipimo cha mawimbi kabla hamjaleta kitabu cha risiti. Yanayofuata ni sababu zake.

Miaka michache iliyopita niliitwa kutafuta ugonjwa wa rezo, yaani mtandao wa simu, katika kartie moja ya Katuba. Watu wa avenyu tatu walikuwa wanalalamika kwamba jioni simu hazitoki. Ajabu yake ni kwamba kwenye skrini milia ilikuwa imejaa yote. Mtu anaona rezo ipo, anapiga, kimya. Anapiga tena, inakatika. Mchana, wakati wa delestaji, yaani mgao wa umeme, simu zinakwenda vizuri kabisa. Mzee mmoja muuza makala, yaani makaa, ndiye aliyenipa ufunguo wa kesi nzima. Aliniambia: «Fundi, kuran ikirudia tu, rezo inaenda.»

Nilidhani anatania. Siku hiyo nikakaa naye kusubiri, nikiwa na kipimo cha mkononi na antena ndefu ya meno, ile inayofanana na mfupa wa samaki. Saa moja kasoro dakika ishirini za jioni taa zikawaka, watoto wakapiga kelele za furaha kama kawaida, na kwenye skrini yangu pakainuka kilima ambacho dakika moja kabla hakikuwepo, karibu na megahezi 1,925. Nikageuza antena kushoto, kilima kikapungua. Kulia, kikapanda. Nikakifuata hivyo, avenyu moja, kona, geti la bluu, hadi sebule ya mama mmoja aliyekuwa anakaanga mikate. Juu ya kabati la vyombo, chini ya kitambaa cha kufuma, palikuwa na simu ya mezani nyeupe isiyo na waya, pamoja na kitako chake. Mwanawe anaishi Marekani, alimletea alipokuja likizo.

Chombo kilikuwa kipya, cha kampuni ya kweli, si feki. Nikakigeuza. Chini kulikuwa na nambari ya idhini ya Marekani na yale maneno wanayoyabandika kule kwenye kila kitu chenye redio ndani: kwamba chombo hiki kisisumbue wengine, na kikisumbuliwa kivumilie. Mimi huyapenda maneno hayo. Ni kama masharti ya mgeni anayelala kwa wakwe: usiguse kitu, na ukiguswa usilalamike.

Sasa kosa liko wapi? Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, limeigawa dunia kanda tatu za masafa. Afrika iko kanda ya kwanza pamoja na Ulaya. Amerika ni kanda ya pili. Kule Marekani kipande cha megahezi 1,920 hadi 1,930 wamewapa simu hizi za nyumbani. Huku kwetu kipande hichohicho ni mwanzo wa njia ambayo simu za 3G hutumia kuongea na mnara, ile inayoanzia 1,920 hadi 1,980. Mnara wenyewe hujibu juu zaidi, 2,110 hadi 2,170, ndiyo maana milia inajaa: sauti ya mnara inakufikia salama, ni yako wewe inayozama kabla ya kuufikia. Na kitako cha simu ile hakisubiri mtu apige. Kikipata umeme tu kinaita muda wote, usiku na mchana. Ndiyo maana delestaji ilikuwa dawa.

Tulipochomoa waya, mzee wa makala alipiga simu yake palepale na ikatoka. Mama akafuta mikono kwenye kitenge, akaiangalia ile simu, akaniuliza: «Sasa mutoto wangu nitamuambia nini?»

Swali lake sikuwa na jibu lake, na bado sina. Mama yule hakuvunja sheria anayoijua. Mwanawe pia hakuvunja. Chombo kilikuja ndani ya sanduku la nguo, hakikupita kwa mwenye duka wala kwa mwenye ushuru, na hata kingepita, mhuri wake ulikuwa wa kweli. Isipokuwa ulikuwa mhuri wa kanda nyingine. Na si simu za mezani peke yake. Kuna vile vidude vya kumsikiliza mtoto mchanga akiwa chumba cha pili, kuna redio za kupeleka data mbali, vingi vimetengenezwa kwa soko la Amerika na vinatumia megahezi 902 hadi 928, ambako kule ni uwanja huru. Huku, kuanzia 890 hadi 915 ni njia ya simu za kawaida kwenda mnarani. Mtu ananunua kwenye intaneti, anasoma kwamba kimeidhinishwa, anafurahi.

Linganisheni kisa hicho na hiki cha pili. Nilikuwa kwenye duka la rafiki yangu katikati ya mji wakaja wakaguzi wawili. Sitataja ofisi yao, na sidhani walikuwa watu wabaya, walifanya walivyotumwa. Wakaomba fakitire, wakaomba karatasi ya kuingiza bidhaa, wakatazama vibandiko chini ya ruta nne, wakaandika risiti, wakaondoka. Muda wote huo, kwenye rafu nyuma ya mgongo wao, kulikuwa na kisanduku cha kuvuta rezo kimewashwa kwa maonyesho, kinapiga mluzi hewani.

Visanduku hivi mnavijua. Vinauzwa wazi, na katika nyumba za matofali mazito au madepo ya bati watu wanavipenda mno. Kazi yake ni kunyakua rezo kwa antena ya nje, kuikuza, kuimwaga ndani, na kurudisha sauti ya simu nje ikiwa imekuzwa pia. Kikifungwa vizuri na kikiwa kizuri, si vibaya. Antena ya ndani ikiwekwa karibu na ya nje, kinajisikia chenyewe, kinajikuza, kinalia, sawasawa na mikro ya kanisani ikisogezwa mbele ya bafle. Ila mluzi wa kanisani kila mtu anaziba masikio na mhubiri anasogea. Huu wa hewani hausikiki kwa sikio, na unaweza kuziba mnara mzima kwa mtaa mzima wiki nzima, huku mwenye kisanduku akiwaambia majirani kwamba kampuni ya simu ni wezi. Chombo kimoja kidogo cha kupimia kingewaonyesha wale wakaguzi tatizo kabla hawajakaa kwenye kiti. Hawakuwa nacho. Walikuwa na kalamu.

Nisije nikajifanya mtakatifu. Nami nimesumbua.

Mnajua, au labda hamjui, kwamba redio nyingi tunazofunga juu ya paa zinakuuliza mwanzoni: uko nchi gani? Ukijibu ukweli, chombo kinajipunguza kifuate masharti ya nchi hiyo: chaneli hizi ndiyo, zile hapana, nguvu isipite hapa. Fundi mchanga anagundua upesi kwamba akichagua nchi nyingine, chaneli zinaongezeka na nguvu inapanda. Basi mimi nilichagua nchi ambayo sijawahi kuikanyaga, nikasukuma nguvu hadi mwisho, mteja wangu akafurahi, akaniita injinia. Wiki mbili baadaye nikakutana na fundi mwenzangu analia juu ya dispensari moja ambayo intaneti yake ilikufa ghafla na hajui kwa nini. Tulipanda pamoja juu ya paa lake. Nikaona sahani yangu mwenyewe, ng'ambo ya barabara, imeelekezwa usoni mwake.

Na yeye angefanya nini? Angeongeza nguvu yake. Ndivyo wote tulivyokuwa tunafanya. Kwenye pilone moja ya Bel-Air, yaani mlingoti wa chuma wa kufungia antena, nilihesabu antena kumi na moja za mafundi sita tofauti, kila mmoja amepandisha sauti kwa sababu jirani amepandisha, kama wauzaji wa soko la Kenya saa kumi jioni. Mahali ambapo mwanzoni nilikuwa napima kelele ya hasi 95, ilifika hasi 74. Kwa asiyezoea hesabu za desibeli, hiyo ni kelele zaidi ya mara mia. Sote tulikuwa tunatumia nguvu nyingi na sote tulikuwa tunapata intaneti mbovu.

Iliyotutoa pale ni chupa mbili za bia ya Simba na karatasi ya daftari. Tulikutana chini ya pilone Jumapili moja baada ya misa, tukagawana chaneli, tukakubaliana kila mmoja apunguze upana kutoka megahezi 40 hadi 20, tukashusha nguvu. Jumatatu asubuhi wateja wakatupigia kuuliza tumeongeza nini. Hatukuongeza kitu. Hakuna ofisi iliyotuamuru, na hapo ndipo ninapowalaumu kidogo, kwa heshima: jambo hili lingeweza kuwa kazi yenu rahisi kuliko zote, na hamkuwahi kuifanya. Tulichokosa ni mtu wa kutuitisha.

Kuna jambo zito zaidi kwenye orodha ile ya nchi. Katika gigahezi 5 kuna vipande ambavyo waifai haina haki ya kwanza. Rada ndizo zenye nyumba. Mkutano wa dunia wa redio wa mwaka 2003 uliruhusu waifai iingie humo kwa masharti: kwenye chaneli hizo chombo kisikilize kwanza, na kikisikia rada kihame chenyewe. Mafundi wetu hawaipendi kanuni hii kwa sababu ukiwasha chombo, kinakaa kimya dakika nzima kikisikiliza, na mteja amesimama pembeni amekunja mikono. Kwa hiyo tunaizima, au tunachagua nchi inayoizima.

Nini kinatokea? Tangu mwaka 2009, huko San Juan, Puerto Rico, iligundulika kwamba rada ya hali ya hewa ya uwanja wa ndege ilikuwa inapofushwa na redio za aina hii hii, za watoa intaneti, zilizofungwa juu ya majengo. Rada ile inafanya kazi kwenye megahezi 5,600 hadi 5,650. Kazi yake ni kuona upepo unaoshuka ghafla karibu na njia ya kutua, ule unaoweza kuibamiza ndege chini. Badala ya upepo ikawa inaona miale mirefu kwenye skrini, ikitokea upande wa mapaa. Mamlaka ya Marekani ilituma watu wenye vipimo, wakafuata miale hadi paa lenyewe, kisha ndipo faini zikaja. Angalieni utaratibu wao: kipimo, paa, faini. Sisemi kwamba kwenye uwanja wetu wa ndege wa Luano kuna tatizo hilo. Nasema mafundi wa Lubumbashi tunafunga vyombo vilevile, tukiwa na tabia zilezile.

Sasa niingie kwenye usalama wa nyumbani, maana mambo haya mawili mmeyaweka katika madawati mawili, na kisanduku ni kimoja.

Wiki iliyopita nilipasua adapta mbili juu ya meza yangu. Adapta ni kile kidude cheusi cha ukutani kinachogeuza volti 220 kuwa 12 za ruta. Moja ilikuja na ruta ya kampuni inayojulikana. Nyingine niliichukua kwa mteja wa Kamalondo baada ya kuunguza ukingo wa pazia lake. Alinunua sokoni ile ya kwanza ilipokufa. Kwa nje ni mapacha, na zote zina herufi CE. Ukizishika mkononi, ya pili ni nyepesi kama ganda la karanga. Ndani ndipo unapoona. Kwenye ile nzuri, upande wa volti 220 na upande wa 12 umetenganishwa na nafasi ya milimita sita hivi, na bodi imekatwa mfereji katikati. Kwenye mbaya, nafasi hiyo ni nyembamba kuliko punje ya mchele. Unyevu kidogo wa mwezi wa pili, vumbi letu jekundu kidogo, na umeme mkubwa unavuka. Mtoto akishika plagi ya ruta, ameshika umeme wa ukutani.

Halafu angalieni hili. Karibu na mlango wa umeme, kwenye bodi ya ile mbaya, kuna mchoro wa koili, na matundu ya kuchomekea miguu yake yapo. Koili haipo. Wameruka kwa kipande cha waya. Koili hiyo ndiyo inayozuia kelele za adapta zisitoke nje na kutembea kwenye nyaya za nyumba. Aliyeokoa senti chache kwa kuacha koili ndiye huyohuyo aliyeokoa senti kwa kubana nafasi. Kwa hiyo adapta inayoweza kukuunguza ni ileile inayosumbua redio. Baba yangu alilijua hilo kabla yangu bila kupasua kitu. Ana redio ya zamani ya mawimbi mafupi, na kila nikichomeka ruta fulani ananiita kutoka barazani: «Toa chombo chako, kinanililia mu sikio.» Mzee amefika darasa la sita, lakini masikio yake yanagundua bidhaa mbovu kuliko kibandiko chochote.

Na hizo herufi CE? Kwa adapta, kama kwa vyombo vingi, ni neno la mtengenezaji mwenyewe kwamba ametimiza masharti ya Ulaya. Mwaminifu akiandika, ni kweli. Mwongo akiandika, ni wino. Mkaguzi anayesoma kibandiko bila kufungua hata kimoja katika katoni mia anasoma wino. Vyombo vichache vya kupasua kama mfano pale Kasumbalesa, bisibisi, mizani ya jikoni, na mtu aliyefundishwa siku tatu, vingezuia mengi. Sitanii kuhusu mizani. Uzito wa adapta unasema karibu kila kitu.

Kuna swali ambalo majirani huniuliza kila ninapofunga pilone: je, mawimbi haya yanaleta saratani? Najibu kwa hesabu, kwa kuwa kunyamaza kumewahi kuleta mawe juu ya bati. Ruta ya kawaida ya gigahezi 2.4 inatoa kama miliwati 100. Vijitabu vyake husema iwekwe angalau sentimita 20 kutoka mwilini. Kwa umbali huo, nguvu inayokufikia ni kama wati 0.2 kwa mita ya mraba. Mwongozo wa ICNIRP, tume ya kimataifa ya wataalamu wa kinga dhidi ya mionzi, unaweka mpaka wa wati 10 kwa watu wa kawaida. Ukirudi mita moja, inakuwa chini ya wati 0.01. Ni kweli kwamba mwaka 2011 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliyaweka mawimbi ya redio kwenye kundi la vitu «vinavyowezekana» kusababisha saratani, kundi linalotumika ushahidi unapokuwa mdogo. Hayo nayasema pia, sifichi. Ila mama anayeogopa ruta na kulala na jiko la makala ndani ya chumba kilichofungwa, huyo namgombeza.

Anayehitaji kulindwa na mawimbi ni kijana anayepanda kupaka rangi mbele ya antena kubwa za minara bila kuambiwa zizimwe. Na sote tunahitaji kulindwa na radi. Tangu Novemba hadi Machi mnajua mvua zetu. Pilone inatakiwa kuwa na waya wa shaba unaoshuka hadi ardhini. Sisi, mji wa shaba, hatuwezi kuuweka waya huo ukabaki miezi mitatu. Unaibwa, unayeyushwa. Januari moja radi ilipiga pilone iliyoibiwa waya wake, ikapita kwenye kebo ya intaneti hadi nyumba tatu. Matundu ya ruta yalikuwa meusi kama sufuria ya sombe. Hakuna aliyekufa kwa sababu watu walikuwa kilioni mtaa wa pili. Siku hizi natumia chuma kilichopakwa zinki, kinene, hakina bei kwa wezi. Si kizuri kama shaba, lakini kipo. Mambo kama haya ndiyo yanayofaa kuwa kwenye maelekezo yenu.

Najua mtasema sheria ipo. Ipo. Mamlaka ya kudhibiti posta na mawasiliano, ARPTC, iliundwa kwa sheria ya mwaka 2002, na sheria namba 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020 imeweka upya mambo ya mawasiliano na teknolojia. Homologasio, yaani idhini ya aina ya chombo kabla hakijauzwa, si neno geni. Tatizo ni masikio ya raia. Mtu wa Lubumbashi akisikia kwamba vyombo vyake vitaandikishwa, anakumbuka RAM, ile ada iliyokuwa inakatwa kwenye unite zetu za simu tangu 2020 hadi ikafutwa 2022. Anachosikia ni sauti ya mkono unaoingia mfukoni. Kwa hiyo mkianza tena na risiti, watu watavificha vyombo, na chombo kilichofichwa hakipimiki.

Anzeni upande mwingine. Kipimo cha masafa cha mkononi, viwili au vitatu, vikae hapa Lubumbashi na si Kinshasa, na mtu wa kuvibeba mwenye viatu vya kupandia. Namba ya simu ya bure ambayo fundi au mama wa Katuba anaweza kuripoti kwamba rezo inaondoka umeme ukirudi, na mtu akafika ndani ya wiki. Orodha ya vyombo vilivyoidhinishwa, ambayo muuzaji anaweza kuisoma kwenye simu akiwa bado upande wa Zambia, kabla hajalipa. Afadhali iwe na picha, na iwe kwa Kiswahili. Masafa na nguvu zinazoruhusiwa, kwenye karatasi moja ya kubandika ukutani, si gazeti la serikali la kurasa mia. Wenye mali iliyoko madukani wapewe muda wa kuimaliza au kuirudisha. Na sisi mafundi tulioidanganya redio kuhusu nchi, tupeni miezi sita tujisahihishe bila faini. Baada ya hapo, atakayebaki na ukaidi mkamateni, nitawaonyesha nyumba yake mwenyewe.

INPP, taasisi ya taifa ya mafunzo ya ufundi, wana madarasa hapa mjini. Kozi ya jioni ya wiki mbili kuhusu chaneli, nguvu, waya wa ardhini na adapta ingejaa siku ya kwanza. Mimi ningelipa, nikakaa mbele.

Suala la simu ya yule mama bado liko wazi. Nilimwambia aizime, akaizima, na nilimtafutia nyingine ya aina ya Ulaya, inayotumia megahezi 1,880 hadi 1,900, isiyomgusa mtu. Lakini ile ya kwanza hakuitupa. Ameirudisha juu ya kabati, chini ya kitambaa chake cha kufuma, bila waya, kwa sababu ilitoka kwa mtoto.

Jumamosi nitakuwa tena kwenye pilone ya Bel-Air, kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi kabla bati halijachemka. Mkitaka kuona kwa macho yenu, njooni na kipimo kama mnacho. Kama hamna, mtatumia changu. Ngazi ninayo.

Fundi wa antena,
Kampemba, Lubumbashi